Uwanja Mmoja, Ngoma Mbili

Mavuno yakishaingia ghalani, Usukuma hauna tena kisingizio cha kukaa nyumbani. Kuanzia Juni, vumbi la Shinyanga likishaanza kupanda, vijiji hutumiana salamu za uchokozi: njooni tuonane uwanjani. Wanaokuja ni makundi mawili. Moja hukaa mwisho huu wa uwanja, jingine mwisho ule, na yote mawili huanza kupiga ngoma kwa wakati mmoja. Hakuna anayemsubiri mwenzake amalize, wala hakuna mwamuzi mwenye filimbi. Watazamaji ndio mizani. Wakianza kuhamia kulia, wa kushoto wanajua wameanza kushindwa, na aibu hiyo haihitaji kutangazwa.

Kwa hiyo mchezaji hana kazi ya kucheza vizuri tu. Ana kazi ya kuiba watu. Kundi moja likimtoa mtu aliyejizungushia chatu shingoni, jingine linaleta wanasesere wa mbao wenye viungo vinavyocheza. Hawa wakigeuza majembe hewani na kuyadaka, wale wanaigiza vituko vya wakubwa wa serikali mpaka watu washike mbavu. Manju wa kila upande ana akiba ya nyimbo za kumchamba manju mwenzake kwa jina lake, sura yake na ubahili wake. Nyuma ya yote hayo kuna dawa: ya kuvuta watu, ya kujikinga na dawa ya wenzao, ya kuzuia ngozi ya ngoma isipasuke saa ya hatari.

Makundi hayo ni Wagika na Wagalu. Msukuma anayecheza ngoma, awe mkulima wa bugobogobo, mcheza nyoka wa Bayeye au mwinda nungunungu wa Banunguli, ana upande wake. Masimulizi ya wazee yanawataja wanaume wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, wote wachezaji, wote waganga, kila mmoja akiamini kwamba dawa yake ndiyo inayovuta umati. Walishindana, na wafuasi wao wakaendelea kushindana. Kila upande una namna yake ya kusimulia nani alimzidi nani, na ndivyo inavyotakiwa iwe. Hadithi ambayo pande zote mbili zingeikubali ingekuwa imeyaua makundi yote mawili.

Mtu wa Dar es Salaam ataelewa haraka akiambiwa ni Simba na Yanga kabla ya Simba na Yanga. Lakini kuna tofauti kubwa. Usukuma wa karne ya 19 haukuwa nchi moja. Ulikuwa tawala zipatazo 50, kila moja na mtemi wake, ngoma zake za enzi na mipaka yake: Nera, Usiha, Usmao, Ntuzu na nyinginezo. Mtemi wa huku hakuwa na amri kule. Watu walikuwa na lugha moja na ng'ombe wa kugombania, basi. Ugika na Ugalu ulivuka mipaka hiyo bila kumwomba mtemi yeyote ruhusa. Mgalu wa Usiha akifika Nera, mahali asikokuwa na shangazi wala mjomba, alikuwa na watu wa kuwafikia. Kwa hiyo ugomvi uliowagawa watu wa kijiji kimoja ndio huo huo uliowaunganisha watu wa nchi ambazo hazikuwa na mtawala mmoja. Sijui chombo kingine cha wakati ule, ukiacha biashara, kilichofanya hivyo kwa upana huo.

Pwani nayo ilikuwa na ugonjwa kama huo. Mombasa na Lamu zilikuwa na vyama vyao vya ngoma vilivyoshindana. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, beni, ngoma ya kuiga bendi za kijeshi yenye vyama vya Marini na Arinoti, ikasambaa bara pamoja na askari, wapagazi na makarani, na Wasukuma, watu wa safari tangu enzi za misafara, wakaichukua na kuifanya yao. Maofisa wa Kiingereza walizitazama ngoma hizo kwa wasiwasi, kwa kuwa waliona sare, vyeo vya bandia na nidhamu ya kijeshi. Mwanahistoria Terence Ranger alipoandika kitabu chake juu ya beni, kilichotoka 1975, alionyesha kwamba nyuma ya kuiga huko kulikuwa na watu waliokuwa wakijipanga upya katika dunia iliyowavuruga. Naongeza moja tu: walijipanga wawiliwawili. Kikitokea chama kimoja cha ngoma mahali, cha pili hakikawii.

Wamisionari hawakuona chochote cha kusifu. Mapadri Weupe walifika Bukumbi, kusini mwa Ziwa Victoria, mwaka 1883, na baadaye wakaja Waprotestanti wa Africa Inland Mission. Kwao ngoma ilikuwa dawa, pombe na usiku, vitu vitatu visivyofaa kwa mtu aliyebatizwa. Muumini alitakiwa kuchagua kati ya ukristo na ugalu wake, na wengi walichagua vyote viwili, kila kimoja kwa siku yake.

Geita ndiyo inayonivutia zaidi katika historia hii, kwa sababu huko Wasukuma walikuwa wageni. Nchi ile ni Uzinza. Wenyeji wake walikuwa Wazinza, na miongoni mwao Walongo, wafua chuma ambao majembe yao yalinunuliwa Usukuma muda mrefu kabla ya meli kuleta majembe ya Ulaya. Wajerumani waliona dalili za dhahabu huko mwaka 1898; mgodi wa maana ulifunguliwa na Waingereza miaka ya 1930. Lakini kilichoijaza Geita watu si dhahabu. Ni ng'ombe na pamba. Shinyanga, Kwimba na Maswa zilikuwa zimebanwa: mifugo mingi, udongo umechoka, miti imekwisha. Mwaka 1947 serikali ilianzisha Mpango wa Maendeleo wa Usukuma, makao yake Malya, na moja ya shabaha zake ilikuwa kupunguza msongamano kwa kufungua ardhi ya magharibi iliyokuwa chini ya pori na mbung'o. Familia zikafunga mizigo, zikaswaga ng'ombe, zikahamia Geita. Baadhi zilishatangulia bila kungoja mpango wa mtu.

Fikiria kijiji cha namna hiyo mwaka 1950. Huyu katoka Shinyanga, yule katoka Kwimba, jirani ni Mzinza ambaye babu yake kazikwa hapo. Hakuna ukoo wa kutosha kufanya kazi ya ukoo. Pori linatakiwa kufyekwa, shamba la pamba linatakiwa kulimwa kabla mvua haijapita, na mikono ya nyumba moja haitoshi. Hapo ndipo ngoma ilipokuwa chombo cha kilimo. Vijana walilima kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu, wakiongozwa na ngoma na manju, jembe likishuka pamoja na mdundo. Kundi likijulikana kwa kasi yake, liliitwa mbali na kulipwa kwa ng'ombe, fedha au pombe. Na kundi likijulikana, lazima pawe na jingine linalosema linaweza kulizidi. Bugobogobo tunayoiona leo jukwaani, wachezaji wamevaa njuga na kurusha majembe, ni mtoto wa mashamba hayo. Jembe wanalolirusha si pambo. Lilikuwa chombo cha kazi, na kabla ya hapo lilikuwa bidhaa ya Mlongo.

Serikali ya kikoloni nayo ilikuwa na fikra zake za kuishi pamoja, na zilikuja kwa karatasi. Gavana Edward Twining aliamini kwamba Tanganyika ingetawalika vizuri iwapo Waafrika, Waasia na Wazungu wangekaa katika baraza moja, hata mahali ambapo Wazungu na Waasia walikuwa wachache wa kuhesabika. Kwa wakulima wa Geita, halmashauri ya wilaya ya mataifa mchanganyiko ilikuwa na maana moja: viti kwa watu wasiolima, juu ya kodi na amri za kilimo walizokwisha kuchoshwa nazo. Amri hizo hazikuwa chache. Kulikuwa na sheria za kupunguza mifugo, za matuta, za kung'oa mabua ya pamba, na kila moja ilikuwa na faini yake.

Walitakiwa kukaa kimya. TANU ilikuwa imepigwa marufuku Usukuma tangu 1954, miezi michache tu baada ya kuzaliwa, na ilikaa hivyo hadi 1958. Waliobaki na sauti walikuwa wanaushirika. Paul Bomani alikuwa amewaunganisha wakulima wa pamba, na mwaka 1955 Victoria Federation of Co-operative Unions ikaanza kazi. Na kulikuwa na nyimbo. Mkutano wa siasa uliweza kukataliwa kibali, lakini ilikuwa vigumu kuwakataza vijana kulima huku wakiimba, au kukaa chini jioni na kuimba wigashe, uimbaji wa kuketi. Nyimbo za Kisukuma za miaka hiyo zilisifu ushirika, zikataja TANU, zikawasema watemi waliokuwa karibu mno na bwana shauri. Neema ya pamba ilikuwa imewapa watu fedha. Manju aliwapa maneno.

Mwaka 1958 Geita ikachemka. Watu walikataa halmashauri ile, wakakusanyika kwa maelfu, na umati ukaenda hadi Mwanza kumweleza mkubwa wa jimbo uso kwa uso kwamba hawaitaki. Polisi waliwatawanya kwa mabomu ya machozi. Lakini mpango ulikuwa umekwisha kupoteza nguvu: serikali, chini ya gavana mpya Richard Turnbull, iliachana na kulazimisha halmashauri za mseto. Inashangaza kidogo kwamba mwaka huo huo, mwezi Januari, TANU ilikuwa imekutana Tabora na kukubali kuingia katika uchaguzi wa kura tatu, ambao kila mpiga kura alitakiwa amchague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Waliouita Uamuzi wa Busara hawakukosea. Lakini Tabora walijadiliana wenyewe wakakubali. Geita waliletewa.

Hapa nitasema ninaloliamini. Watu wa Geita hawakuwa wakikataa kuishi na wengine. Nchi nzima ile ilikuwa ya watu waliokuja juzi na kukutana na wengine. Walikataa kupangiwa nani akae wapi na mtu ambaye hakuwa mshindani wala jirani. Katika uwanja wa ngoma kila upande ulijichagulia kiongozi, ukaleta watu wake, na hukumu ilitoka kwa umati. Katika halmashauri ya Twining hukumu ilitangulia.

Uhuru ulipokuja, watemi waliondolewa madarakani kisheria mwaka 1963. Ngoma zao za enzi zikanyamaza, baadhi zikaoza vibandani. Wagika na Wagalu hawakupata hasara yoyote, kwa kuwa hawakuwahi kuwa mali ya mtemi. Bugobogobo ikapandishwa daraja: ikachezwa na vikundi vya taifa, ikafundishwa katika chuo cha sanaa cha Bagamoyo, ikawapokea wageni wa serikali viwanjani. Ilipofika huko ilikuwa imeacha kitu kimoja nyumbani, nacho ni adui. Kundi moja likacheza peke yake, likapigiwa makofi. Ni nzuri kuitazama, sikatai, ila ni nusu ya kitu.

Aliyelielewa jambo hili mapema ni padri. David Clement, Mkanada wa shirika la Mapadri Weupe, ambaye Wasukuma walimpa jina la Fumbuka, alianza kazi Bujora, karibu na Kisesa nje ya Mwanza, miaka ya 1950. Kamati ya utafiti wa mila za Kisukuma iliundwa huko 1954, na baadaye makumbusho. Kanisa lenyewe lilijengwa kwa umbo la nyumba ya mviringo. Makumbusho yana banda la ngoma za watemi, nyumba ya mganga, mahali pa mhunzi, na jengo la vyama vya ngoma, Wagika na Wagalu wote ndani. Lakini uamuzi wake mkubwa haukuwa wa majengo. Sikukuu ya Ekaristi, inayoangukia msimu wa baada ya mavuno, aliigeuza kuwa Bulabo, na baada ya maandamano ya maua akawaacha Wagika na Wagalu washindane. Hakuwaambia wapatane kwa sababu wako kwa padri. Kanisa lililokuwa likiwafukuza wachezaji sasa likawapa uwanja, na ushindani wao likauacha kama lilivyoukuta. Bulabo bado inafanyika.

Watu wakitaka mfano wa sanaa na maadui, hukimbilia mbali zaidi, kwenye okestra ya West-Eastern Divan. Ilianzishwa mwaka 1999 mjini Weimar, Ujerumani, na wawili: Daniel Barenboim, mpiga piano na kiongozi wa okestra mwenye uraia wa Israel, na Edward Said, mwanazuoni wa Kipalestina aliyezaliwa Jerusalem. Vijana wa Kiisraeli, wa Kipalestina na wa nchi nyingine za Kiarabu waliketishwa pamoja, kila wawili wakisoma karatasi moja ya muziki. Mwaka 2005 walipiga Ramallah. Barenboim mwenyewe amekataa zaidi ya mara moja kuiita okestra ya amani, na wanaharakati wa Kipalestina wamewahi kuitisha isusiwe, wakisema inapamba hali isiyo ya haki.

Sisi hatuko mbali na ugomvi ule kama tunavyodhani. Miaka ya 1960 wataalamu wa Israel walifanya kazi na ushirika wa pamba kandokando ya Ziwa Victoria. Mwaka 1973 Tanzania ikavunja uhusiano na Israel, na PLO, chama cha ukombozi cha Wapalestina, ikawa na ofisi yake Dar es Salaam. Uhusiano ukarudi miaka ya 1990. Nikiliweka suala la Divan mbele ya mzee yeyote wa ngoma, nadhani swali lake la kwanza lingekuwa: kwa nini wanapiga wimbo mmoja? La pili lingekuwa zito zaidi. Mgika na Mgalu wakitoka uwanjani wanarudi kwenye mashamba yenye haki sawa, kisima kimoja, mahakama moja. Hakuna anayehitaji kibali cha mwenzake ili apite barabarani. Ngoma yao haikuleta usawa huo, iliukuta. Anayeipeleka mahali ambapo upande mmoja unashika funguo za mwingine asitarajie ifanye kazi ya siasa.

Na hata nyumbani ngoma ina mipaka yake, na mipaka hiyo ina damu. Mwaka 1982, huko Kahama, wilaya ya mkoa wa Shinyanga, wanakijiji waliochoshwa na wizi wa ng'ombe na bunduki zilizozagaa baada ya vita vya Uganda waliunda Sungusungu. Walikula viapo, wakawa na dawa zao kama makundi ya ngoma, na katika maeneo mengi waliurudisha usalama ambao polisi walishindwa kuuleta. Chama na serikali vikawaunga mkono. Lakini mwizi hakuwa shabaha yao pekee. Wanawake walioshukiwa uchawi walitengwa na kufukuzwa, na mauaji ya vikongwe wenye macho mekundu, mekundu kwa moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe, yakawa aibu ya Shinyanga na Mwanza kwa miongo. Kisha, kuanzia 2007 hivi, ikaja zamu ya watu wenye ualbino. Waganga waliuza uongo kwamba viungo vyao huleta utajiri, na wanunuzi walitafutwa kwa wavuvi na kwenye machimbo ya dhahabu, mahali ambapo mtu hushinda ndani ya shimo la kuchimbia miezi bila kuona punje na jirani yake akatajirika kwa usiku mmoja. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alifuta leseni za waganga wa jadi. Februari 2015, Chato mkoani Geita, mtoto mdogo aliporwa mikononi mwa mama yake na kuuawa. Watoto wengine walihifadhiwa Buhangija, Shinyanga, shule iliyogeuka ngome.

Dawa ya kuvuta watu uwanjani na dawa ya kuvuta dhahabu zinatoka katika kapu la fikra moja, na mwandishi anayeisifu ngoma bila kulisema hilo anawadanganya wasomaji. Wagika na Wagalu walijua kuishi na mshindani. Mshindani ana kundi, ana manju, ana wa kumjibia. Kikongwe anayeishi peke yake hana. Mtoto mwenye ualbino aliyezaliwa kijijini hana. Uwanja wenye pande mbili humlinda kila aliye na upande.

Mwaka 2017 ilitoka albamu iliyorekodiwa Ukerewe, kisiwa ambacho watu wenye ualbino kutoka bara walikuwa wakikikimbilia, wengine wakiwa wameachwa huko na familia zao. Waimbaji walikuwa watu wenye ualbino wenyewe, kwa jina la Tanzania Albinism Collective. Mtayarishaji wake ni Mmarekani Ian Brennan. Baadhi yao walikuwa wamezoea kukatazwa kuimba hata katika kwaya ya kanisa. Nyimbo ni fupi, ala ni chache, na waliandika maneno wenyewe kuhusu maisha yao. Ukerewe ni nchi ya Wakerewe na Wakara. Hawa hawakuwa Wagika wala Wagalu, na hawakumwomba manju yeyote awapokee upande wake. Walianzisha kundi la tatu.